Nani mwenye haki ya kuidai kaulimbiu ya vita?

Enzi za vita vya Vietnam, jeshi la nchi kavu la Marekani liliwavutia vijana kwa mwito mfupi: raha, safari na mambo ya kusisimua. Kwa Kiingereza maneno hayo matatu yanaanza na herufi F, T na A. Vijana walipofika kambini na kujionea hali yenyewe, walizichukua herufi zilezile wakazipa maana yao, tusi zito linaloishia kwenye jina la jeshi. FTA ikaandikwa kwenye helmeti, kwenye kuta, na katika magazeti ambayo askari waliyachapa kwa siri na kuyapitisha mkono kwa mkono. Kwa kuwa herufi zilikuwa za jeshi lenyewe, aliyeziandika alikuwa na pa kujitetea.

Mfano huu unasahaulika mno. Ukitajwa upinzani dhidi ya vita vya Vietnam, wengi wetu tunaona vijana wenye nywele ndefu, maua, gitaa, na vidole viwili vilivyoinuliwa juu. Vijana hao walikuwapo, na wengi wao walipigwa virungu na kufungwa kwa msimamo wao. Lakini ukitafuta ni nani hasa aliyeifanya serikali ya Washington iogope maneno yake yenyewe, utawakuta askari, mama waliofiwa, na Waamerika Weusi waliokuwa wakitumwa kupigania uhuru ambao kwao haukuwapo.

Naamini kaulimbiu ya vita hugeuzwa kweli pale inapochukuliwa na watu ambao inadai kuwasemea, na pale inapobeba ahadi ambayo mtu anaweza kuidai. Wapangaji wa vita walijifunza jambo hilo Vietnam kuliko walivyojifunza wapinzani wao. Wakapunguza idadi ya wenye kudai, wakaiondoa tarehe kwenye ahadi, na vita vyao vikakosa mwisho.

Tuanze na vile vidole viwili. Januari 1941, mwanasiasa wa Ubelgiji Victor de Laveleye, aliyekuwa akiwatangazia wananchi wenzake kupitia BBC kutoka London, aliwahimiza waandike herufi V kwenye kuta za miji iliyokaliwa na Wajerumani. Ni herufi ya kwanza ya neno ushindi kwa Kifaransa, na ya neno uhuru kwa Kiholanzi. Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza, akaidaka, akaifanya ishara ya mkono, na dunia ikaijua kama alama ya kushinda vita. Miaka ishirini na kitu baadaye vijana wa Marekani wakaigeuza kuwa salamu ya amani. Wakati huohuo Richard Nixon aliendelea kuiinua kwa maana ya kale, mara nyingi kwa mikono yote miwili, hata ile siku ya 9 Agosti 1974 alipopanda helikopta kuiaga Ikulu. Kwa miaka kadhaa, basi, rais aliyeamuru mabomu na kijana aliyeyapinga waliusalimu umma kwa ishara moja, na hakuna aliyemzuia mwenzake. Ishara ile haikuwa na ahadi ndani yake. Kila mtu aliimiminia maana aliyoitaka.

Dola nayo inajua kuchota kutoka upande wa pili. Kamandi ya Jeshi la Anga iliyosimamia ndege za B-52 na silaha za nyuklia ilikuwa na kaulimbiu isemayo kwamba amani ndiyo kazi yake. Ndege za kamandi hiyo ndizo zilizoimwagia Hanoi na Haiphong mabomu mwezi Desemba 1972. Mwezi uliofuata Nixon alilitangazia taifa kwamba amepata amani yenye heshima. Anayedhani neno amani ni mali ya wapinga vita aupitie mwezi ule mmoja, siku baada ya siku.

Sasa tazama neno uhuru, maana hapo mambo yalikwenda tofauti. Serikali ilisema vijana wanakwenda Vietnam kulinda uhuru. Tarehe 4 Aprili 1967, katika kanisa la Riverside mjini New York, Martin Luther King alisimama akasema nchi inawachukua vijana Weusi na kuwapeleka maili 8,000 wakahakikishe Asia ya Kusini-Mashariki inapata uhuru ambao wao wenyewe hawajaupata kusini-magharibi mwa Georgia wala East Harlem. Hakubuni neno jipya. Alilichukua lilelile la rais akaonyesha anwani mbili ambako halijafika. Magazeti makubwa yalimshambulia, hata baadhi ya wenzake katika harakati za haki za kiraia walijitenga naye. Hasira ile inaeleweka. Ungeweza kumwambia kijana wa chuo kuwa haipendi nchi yake, lakini ungemwambia nini mtu anayekuuliza mbona deni la uhuru halijalipwa nyumbani?

Wiki chache baadaye, tarehe 28 Aprili, Muhammad Ali alisimama katika kituo cha kuandikisha askari mjini Houston. Jina lake likaitwa, naye akakataa kupiga hatua ya kuingia jeshini. Zaidi ya mwaka mmoja kabla alikuwa amekwisha kusema kwamba hana ugomvi na hao Viet Cong. Alivuliwa ubingwa, akahukumiwa kifungo cha miaka mitano na faini ya dola 10,000, na akakaa nje ya ulingo zaidi ya miaka mitatu katika umri ambao bondia huwa kwenye ubora wake. Mahakama ya Juu ilifuta hukumu hiyo Juni 1971. Uzito wa maneno ya Ali ulitokana na kwamba mwito wa jeshi ulikuwa na jina lake juu yake, na kukataa kuligharimu kila alichokuwa amekipata kwa ngumi zake.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna kumbukumbu yetu ya mtu huyu. Februari 1980, Rais Jimmy Carter alimtuma Ali barani Afrika kuzishawishi serikali zisusie Olimpiki ya Moscow kwa sababu Urusi ya Kisovieti ilikuwa imeivamia Afghanistan. Kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere alikataa kumpokea, na serikali yake haikuficha kwamba haikufurahishwa na wazo la kuletewa bondia kuzungumzia suala zito la mambo ya nje. Waandishi wa habari wakamuuliza Ali: mwaka 1976 Waafrika waliposusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu ya uhusiano wa michezo kati ya New Zealand na makaburu wa Afrika Kusini, Marekani ilikuwa wapi? Ali hakuwa na habari ya mgomo ule. Katika ziara hiyohiyo alikiri mbele ya watu kwamba huenda anatumiwa. Tanzania ilikwenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Kwangu mimi kisa hiki kina uchungu. Mtu aliyelipa gharama kubwa kuigeuza kaulimbiu ya vita alikuja kwetu akiwa amebeba kaulimbiu ya rais, kuhusu nchi ambayo miaka ishirini na moja baadaye Marekani yenyewe ingeivamia. Maswali ya Dar es Salaam yalimrudisha kwenye msimamo wake wa 1967, na ninawashukuru waandishi wale.

Turudi kambini. Kuanzia mwisho wa 1967, wanaharakati walianza kufungua migahawa ya kahawa karibu na kambi kubwa za jeshi, mahali ambapo askari angeweza kukaa bila ofisa wake, akasoma gazeti, akasikiliza muziki na kusema yaliyomkaa moyoni. Wa kwanza ulikuwa Columbia, South Carolina, jirani na Fort Jackson. Mwingine, uliokuwa Killeen, Texas, karibu na Fort Hood, uliitwa Oleo Strut, jina la kifaa kinachopunguza mshtuko helikopta inapotua. Askari wengi wa Fort Hood walikuwa wametoka Vietnam wakisubiri kumaliza muda wao, na waliofungua mgahawa walitaka kuwasaidia watue bila kuvunjika. Agosti 1968 wanajeshi Weusi wa kambi hiyo walikesha wakijadiliana walipoambiwa huenda watapelekwa Chicago kuzuia maandamano kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democrats. Waliona wanatakiwa kwenda kuwapiga watu wao. Arobaini na watatu walikamatwa alfajiri.

Ndani ya hali hiyo magazeti ya askari yaliongezeka hadi kupita 100, kambi kwa kambi, hata ng'ambo na ndani ya meli. Mengine yalitoka toleo moja tu, mhariri akahamishwa kituo. Yaliandika juu ya chakula kibovu, ubaguzi, maofisa waonevu, halafu vita. Mpangilio huo una maana. Askari aliyeahidiwa safari na raha alianza kwa kudai alichoahidiwa, na dai hilo likamfikisha kwenye swali la kwa nini yuko pale. Chuo kikuu mambo yalikuwa kinyume: mtu alianza na nadharia ya ubeberu, na mara nyingi aliishia hapohapo.

Kilele kilikuwa Aprili 1971. Majeshi yaliyoendesha operesheni mpakani na Laos yalikuwa yameziita Dewey Canyon I na Dewey Canyon II. Chama cha maveterani wa Vietnam wanaopinga vita kikauita mkusanyiko wake wa Washington Dewey Canyon III, na kikaueleza kuwa ni uvamizi mdogo, wenye mipaka, katika nchi ya Kongresi. Kila neno lilichukuliwa kutoka taarifa za jeshi, kwa mtindo uleule ambao serikali iliutumia mwaka uliotangulia kueleza kuingia kwake Cambodia. Siku ya kwanza, tarehe 19, waliandamana pamoja na mama waliopoteza wanao vitani hadi makaburi ya Arlington kuweka mashada, wakakuta lango limefungwa. Tarehe 22, luteni wa zamani wa jeshi la majini, John Kerry, aliiuliza kamati ya Seneti: unamwombaje mtu awe wa mwisho kufa kwa ajili ya kosa?

Kesho yake wakaenda kwenye jengo la Kongresi. Uzio ulikuwa umewekwa kuwazuia wasiikaribie ngazi. Wakapanga mstari. Mmoja baada ya mwingine alisogea mbele ya kipaza sauti, wengi wakataja majina yao, wengine majina ya wenzao waliokufa, kisha wakarusha nishani zao ng'ambo ya uzio: za ushujaa, za kujeruhiwa vitani, riboni za kampeni. Wapo waliokuwa kwenye viti vya magurudumu. Wapo waliolia na kushindwa kumaliza sentensi. Karibu maveterani 800 walipita pale kwa saa kadhaa.

Mwanzoni mwa mwaka huohuo maveterani haohao walikuwa wamekutana Detroit kutoa ushahidi wa walichokifanya na walichokiona Vietnam, na kikao chao wakakiita cha askari wa majira ya baridi. Jina hilo linaelekea kwa Thomas Paine, ambaye Desemba 1776, katika siku ngumu za vita vya uhuru wa Marekani, aliwalaumu askari wa kiangazi na wazalendo wa siku za jua wanaoikimbia nchi mambo yakiwa magumu. Walioambiwa kuwa ni wasaliti walikwenda kwenye chimbuko la taifa, wakaichukua lugha ya uzalendo yenyewe, wakasema: anayekaa na nchi yake wakati mgumu ndiye anayeiambia ukweli. Sijui jibu ambalo serikali ingeweza kulitoa likasimama mbele ya hilo.

Lakini tusijidanganye kuhusu matokeo. Wamarekani wengi waliwachukia waandamanaji. Nixon aliwaita waliobaki nyumbani kuwa ndio wengi walio kimya, na kaulimbiu hiyo ilifanya kazi: mwaka 1972 alishinda majimbo 49 kati ya 50. Mei 1970, siku nne baada ya wanafunzi wanne kuuawa kwa risasi Chuo Kikuu cha Kent State, mafundi ujenzi wa New York waliwapiga vijana waliokuwa wakiomboleza mitaani. Vita vilikwisha kwa sababu nyingi, na kubwa kuliko zote ni kwamba Wavietnam hawakukubali kushindwa. Upinzani wa askari ulichangia kwa njia moja mahususi: uliwafanya makamanda waanze kutilia shaka kama jeshi lenyewe litatii.

Dola ilijirekebisha. Kati ya 1964 na 1973 zaidi ya vijana milioni 1.8 walikuwa wameingizwa jeshini kwa lazima. Mwaka 1973 utaratibu huo ukafutwa, jeshi likawa la wanaojitolea kwa mshahara. Wapinga vita walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Hakuna anayetamani kijana wa miaka 19 aburutwe vitani. Hata hivyo gharama yake tunaiona sasa. Familia nyingi za tabaka la kati ziliacha kuwa na mtoto wa kumwogopea, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wenye haki ya kuidai kaulimbiu walibaki wachache, wametawanyika katika miji midogo na kambi za mbali.

Vita vya 2001 viliikuta hali hiyo. Tarehe 14 Septemba, siku tatu baada ya mashambulizi ya New York na Washington, Kongresi ilipitisha idhini ya kutumia nguvu ambayo kiini chake ni maneno 60 ya Kiingereza. Haina jina la nchi, haina jina la adui, haina tarehe ya mwisho. Seneti 98 kwa 0. Baraza la Wawakilishi 420 kwa 1. Huyo mmoja alikuwa Barbara Lee wa California, aliyesimama sauti ikitetemeka akanukuu maneno aliyoyasikia kwa kiongozi wa dini katika ibada ya maombolezo siku hiyohiyo: tunapochukua hatua, tusigeuke kuwa ule uovu tunaoulaani. Akatishiwa kuuawa, akalazimika kulindwa na polisi. Idhini ileile ikatumika baadaye kuhalalisha mashambulizi katika nchi ambazo hazikuwa akilini mwa waliopiga kura, Somalia ikiwamo.

Ukiniuliza chanzo cha vita visivyoisha, nitakuonyesha maneno hayo 60. Ahadi isiyo na tarehe haina siku ya kuvunjika, na isiyo na siku ya kuvunjika haina wa kuidai. Vita dhidi ya ugaidi vilipewa jina ambalo ushindi wake hauwezi kutangazwa. George W. Bush alijaribu mara moja, tarehe 1 Mei 2003, juu ya meli ya kubebea ndege, chini ya bango lililosema kazi imekamilika. Bango lile lilikuwa na ahadi, kwa hiyo liligeuka mara moja. Kila askari aliyeuawa Iraq baada ya siku hiyo alikuwa swali kwa wenye bango, na halikurudiwa tena.

Wapinga vita wa kizazi hicho walikuwa na umati mkubwa kuliko wote uliowahi kuonekana. Tarehe 15 Februari 2003 mamilioni ya watu waliingia mitaani katika mamia ya miji, London na Roma zikiongoza. Kaulimbiu iliyobebwa na wengi ilisema: si kwa jina langu. Ninawaheshimu waliotembea siku ile, lakini nadhani maneno hayo yalikuwa na udhaifu. Yanamtoa msemaji ndani ya vita na kuviacha viendelee. Serikali ya Uingereza na ya Marekani hazikuhitaji jina la kila mtu, zilihitaji bunge na bajeti, na mwezi uliofuata Baghdad ilikuwa inawaka.

Linganisha na Cindy Sheehan. Mwanawe Casey aliuawa Baghdad Aprili 2004. Agosti 2005, baada ya kumsikia Bush akisema wanajeshi wamekufa kwa ajili ya lengo adhimu, alikwenda akapiga hema kando ya barabara karibu na ranchi ya rais huko Crawford, Texas. Alikuwa na swali moja: lengo gani adhimu? Rais hakutoka kumjibu. Mama mmoja aliyekaa mtaroni kwenye joto la Texas aliitikisa serikali mwezi mzima, kwa maneno mawili ya rais yaliyorudishwa kama swali na mtu ambaye maneno hayo yalisemwa kumfariji. Vilevile familia za wanajeshi ziliichukua kauli ya kuwaunga mkono wanajeshi, ile iliyokuwa kwenye magari pamoja na utepe wa njano, zikaimalizia: waungeni mkono, warudisheni nyumbani. Utepe huo wenyewe ulienea mwaka 1979 kama ishara ya familia zilizokuwa zikiwasubiri mateka wa Tehran. Ulikuwa wa watu wanaotaka wapendwa wao warudi, kabla serikali haijaugeuza kuwa bendera ya kuwapeleka wengine.

Kilichofuata kinaniumiza zaidi, maana upinzani wenyewe ulitekwa. Februari 2019 Donald Trump aliliambia Kongresi kwamba mataifa makubwa hayapigani vita visivyoisha. Aprili 2021 Joe Biden akasema wakati umefika wa kumaliza vita vya milele, na majeshi yakaondoka Afghanistan Agosti mwaka huo. Maneno ya waandamanaji yalikuwa yamefika kinywani mwa marais wawili wa vyama hasimu. Jirani na kwetu yalimaanisha nini? Trump aliwaondoa askari wapatao 700 Somalia siku za mwisho za muhula wake wa kwanza, wengi wakahamishiwa nchi jirani. Mei 2022 Biden akaidhinisha kuwarudisha karibu 500. Mashambulizi ya ndege zisizo na rubani hayakukoma. Na tarehe 5 Januari 2020, Al-Shabaab walipouvamia uwanja wa ndege wa kijeshi wa Manda Bay, Lamu, na kuwaua Wamarekani watatu, wakazi wa visiwa vile walijionea kwamba vita vya maneno 60 vimefika kwenye mikoko yao.

Kwetu tunazo ahadi zetu. Novemba 1978 Nyerere alitangaza vita dhidi ya Idi Amin kwa maneno ambayo Mtanzania yeyote anayakumbuka: uwezo, sababu na nia. Vita vile vilikuwa na adui mwenye jina, na Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Kisha Mwalimu akawaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ikapita, maduka yakabaki matupu, foleni za sukari na sabuni zikawa ndefu kuliko za wakati wa vita. Watu wakawa wanaitaja miezi ile 18 kwa uchungu, na waliweza kufanya hivyo kwa sababu Nyerere alikuwa amewapa idadi ya kuhesabia. Naiheshimu serikali inayotaja idadi hata ikishindwa kuitimiza, kwani imewaachia raia kitu cha kudai.

Kule Kongo, Mei 2021 Rais Tshisekedi aliziweka Kivu Kaskazini na Ituri chini ya utawala wa kijeshi, kwa siku 30, ili kukomesha mauaji haraka. Kisha ukaongezwa siku 15, na 15 nyingine, kwa miaka. Vijana wa LUCHA, vuguvugu lililozaliwa Goma mwaka 2012, waliandamana Beni wakiuliza ziko wapi siku zile 30 na mbona mauaji yanaendelea. Walikamatwa Novemba 2021 na kuhukumiwa kifungo mwaka uliofuata. Vijana wale walizaliwa ndani ya vita na walikuwa wakiidai ahadi ya rais wao kwa maneno yake mwenyewe.

Kenya iliingia Somalia tarehe 16 Oktoba 2011, baada ya watalii na wafanyakazi wa misaada kutekwa Lamu na Dadaab. Operesheni iliitwa Linda Nchi. Baadaye zilikuja Westgate mwaka 2013 na watu 67 waliouawa, Mpeketoni mwaka 2014, na Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, watu 148. Septemba 2015 serikali ikaanzisha Linda Boni katika msitu wa Lamu, ikisema ni ya siku 90. Miaka ilipita ikiwa bado inaendelea, na Waaweer ambao msitu ule ni nyumba yao na kapu lao la chakula walizuiwa kuingia kutafuta asali. Mtu wa kijiji chao cha Pandanguo anayo haki kamili ya kuuliza zile siku 90 ziliishia wapi.

Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya wanajeshi wa Kenya huko El Adde, Somalia, ilivamiwa alfajiri. Vyombo vya habari viliripoti kuwa waliouawa ni zaidi ya 140. Serikali haikutoa idadi rasmi. Familia zilipokea majeneza kaunti kwa kaunti, kila moja na msiba wake. Mama wa Marekani wa 1971 walijua ni wangapi wenzao, wakaweza kusimama pamoja mbele ya lango la Arlington hata lilipofungwa. Mama wa El Adde walinyimwa hata hesabu ya kuwakutanisha.

Waliopinga BBI, mpango wa kuibadilisha katiba ya Kenya, mwaka 2021 waliunda harakati wakaiita Linda Katiba, na mahakama zikawapa ushindi waliopinga. Katiba hiyo waliyoilinda inasema, katika Ibara ya 240, kwamba majeshi hayapelekwi nje ya nchi bila idhini ya Bunge. Katika Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa dola. Kwa hiyo wabunge waulizwe, mmoja mmoja na katika majimbo yao: ni sharti gani likitimia ndipo kazi ya jeshi la Kenya huko Somalia, iliyoanza kwa jina la Linda Nchi, itahesabika imekwisha, na waliokufa El Adde ni wangapi? Na maswali hayo waanze kuyauliza waliozika.